AJALI YA GARI: YAPASAYO KUTENDWA NA DEREVA, ABIRIA NA JAMAA
Maelezo kwa wasafiri wa Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Wananchi wa Visiwani wanaosafiri kwenda Kigoma kwa biashara ya mawese na dagaa, kwa masomo, kwa kazi za Serikali, au kwa kuwazuru jamaa ambao wazee wao walihamia Ujiji tangu enzi za misafara, wanakumbushwa kwamba hatima ya mtu aliyepatwa na ajali ya gari aghalabu huamuliwa na yale yanayotendwa katika saa ya mwanzo. Kinachoamuliwa si uhai tu. Haki ya mjane kulipwa fidia, haki ya dereva asiye na hatia kuachiwa huru, na haki ya abiria aliyevunjika mguu kutibiwa bila ya kuuza shamba, zote huanzia pale pale barabarani, kabla damu haijakauka.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kigoma nayo haikusalimika. Mwezi Juni 2018 treni ililigonga basi la abiria katika kivuko cha reli huko Gungu, ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, na watu wapatao 10 wakapoteza maisha. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na mji umekua kuizunguka. Kwa hiyo bodaboda, magari ya abiria na watembea kwa miguu huivuka kila siku kana kwamba ni uchochoro wa mtaani. Gari likizimika juu ya reli, abiria wote washuke mara moja na kujitenga mbali na njia, wakiacha mizigo yao. Gari hununuliwa tena.

Barabara za mkoa huo zimebadilika sana katika miaka ya karibuni. Zamani safari ya kutoka Kigoma kwenda Kasulu ilikuwa ni ya vumbi jekundu na mashimo, na gari halikuweza kwenda mbio hata dereva akitaka. Leo lami imeenea katika sehemu kubwa ya njia ya Kidahwe na Kasulu na ile ya Mwandiga hadi Manyovu mpakani mwa Burundi, na mwendo umeongezeka pamoja nayo. Sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makaazi, na kilomita 80 kwa mabasi ya abiria na magari makubwa ya mizigo. Anayeijua njia ya Manyovu, jinsi inavyopanda na kushuka katika vilima huku wanawake wakitembea ukingoni na vichanja vya ndizi vichwani, hahitaji kuelezwa sababu ya vikomo hivyo.

KUSIMAMA NA KULINDA MAHALI PA AJALI

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka dereva ambaye gari lake limehusika katika ajali iliyosababisha madhara kwa mtu, mnyama au mali, asimame. Anatakiwa ataje jina lake na anwani yake, jina la mwenye gari na namba ya gari kwa yeyote mwenye sababu ya kuuliza, na kutoa taarifa polisi mapema iwezekanavyo. Kukimbia ni kosa lenyewe, hata kama dereva hakuwa na lawama yoyote katika ajali. Wako madereva waliokuwa na haki kamili, na kwa kukimbia tu wakajivisha kanzu ya mkosaji.

Hata hivyo, yapo mazingira ambayo dereva hukhofia roho yake, hasa pale alipogongwa mtoto na umati umepandwa na hasira. Dereva wa namna hiyo aende moja kwa moja katika kituo cha polisi kilicho karibu na kujisalimisha hapo, aeleze ajali imetokea wapi ili majeruhi wapelekewe msaada, na asipitie nyumbani wala kwa tajiri wake kwanza. Muda baina ya ajali na kufika kituoni ndio utakaotazamwa baadaye. Na wananchi nao waelewe kwamba kumpiga dereva ni jinai. Mara nyingi huyo anayepigwa ndiye mwenye gari pekee lililo karibu ambalo lingeweza kumfikisha majeruhi hospitali.

Baada ya kusimama, injini izimwe, taa za tahadhari ziwashwe, na pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbele na nyuma ya gari kwa umbali wa kutosha. Wengi hawana pembetatu, au wanazo zimefunikwa na magunia ya mkaa. Hapo hutumika matawi ya miti yanayotandazwa barabarani, desturi inayofahamika na kila dereva wa Bara, nayo inafaa sana mchana. Usiku matawi hayaonekani mpaka gari limekwisha kuyafikia; basi asimame mtu mwenye kurunzi au simu yenye taa, kando ya barabara na si katikati. Na matawi yaondolewe kazi ikisha. Ajali ya pili imewahi kusababishwa na matawi ya ajali ya kwanza.

Gari lisisogezwe mpaka polisi wafike na kupima, isipokuwa kwa lazima ya kumwokoa mtu au kuepusha hatari kubwa zaidi. Ikilazimu kulisogeza, mahali pa matairi pachorwe kwa chaki, kwa mawe au kwa mkaa, na picha zipigwe kwa simu: namba za magari yote, alama za breki, vioo vilivyovunjika, hali ya barabara, na stika ya bima iliyoko kwenye kioo. Picha hizo zitumwe hapo hapo kwa jamaa mmoja aliye mbali, kwani simu hupotea katika vurugu.

Likihusika lori la mafuta, hukumu ni nyingine kabisa. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu mjini Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wengi wao hawakuwa katika ajali, waliifuata. Katika ajali ya lori la mafuta, kazi ya mwananchi ni kuwaondoa watu, kuzima sigara na jiko lolote lililo karibu, na kupiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba ya polisi kwa dharura ni 112.

KUWAHUDUMIA MAJERUHI

Desturi ya kumnyanyua majeruhi kwa mikono na miguu na kumtupa nyuma ya gari la mizigo inatokana na huruma, lakini imewapoozesha watu ambao wangetembea. Uti wa mgongo uliovunjika hauonekani kwa macho. Iwapo mtu analalamika maumivu ya shingo au mgongo, au hahisi miguu yake, au amezimia, aachwe alipo mpaka wapatikane watu wanne au watano wa kumwinua kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, na kumlaza juu ya ubao, mlango au kitanda cha kamba. Sababu za kumtoa haraka ni moto, maji, au hatari ya kugongwa tena. Nyinginezo zinaweza kungoja.

Kwanza itazamwe kama anapumua. Kinywa kitazamwe kama hakina damu, matapishi au meno yaliyong'oka, na vitolewe. Aliyezimia na anapumua, kama hakuna dalili ya kuumia shingo, alazwe ubavu ili asipaliwe. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamizwe kwa kitambaa safi, kanga au shuka, kwa mkono ulionyooka na bila ya kuachia kila mara kutazama. Kitambaa kikilowa, kiongezwe kingine juu yake. Anayesaidia avae glavu au afunike mikono yake kwa chochote kisichopitisha damu. Kitu kilichochoma mwilini, mathalan kipande cha chuma, kisichomolewe, kwa kuwa huenda ndicho kinachozuia damu. Aliyekuwa juu ya pikipiki asivuliwe kofia yake kwa nguvu ikiwa anapumua vizuri.

Majeruhi asipewe maji, chai wala chakula. Jambo hili huwauma watu, kwani kumnyima maji mtu anayelia kiu huonekana ni ukatili. Lakini majeruhi huenda akahitaji upasuaji usiku ule ule, na aliyejaza tumbo huweza kutapika na kupaliwa akiwa usingizini kwa dawa. Midomo inaweza kuloweshwa kwa kitambaa kibichi, hiyo inatosha.

Kwamba mpita njia anaweza kuokoa maisha, Karatu ni shahidi. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi lilitumbukia bondeni, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, na miongoni mwa waliosimama kuwasaidia ni wageni kutoka Marekani waliokuwa wakipita na gari lao. Watoto hao walipelekwa Marekani kutibiwa, na wakarejea nyumbani.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma, Maweni, ndiyo kimbilio la Manispaa yote, kuanzia Katonga na Bangwe hadi Ujiji. Kwa ajali za upande wa Kasulu ipo pia Hospitali ya Kabanga. Shida kubwa iko katika vijiji vya ziwani. Kaskazini kuelekea Kagunga na Mwamgongo, na kusini kuelekea Buhingu na Kalya, njia ya kawaida ya watu wengi ni maji, na kijana aliyeanguka na pikipiki huko hupakiwa katika boti hadi Kibirizi au ufuoni mwa Ujiji. Basi asikalishwe kwenye ubao wa kukalia. Alazwe chali chini ya boti, juu ya godoro au nyavu zilizokunjwa, mguu uliovunjika ufungwe pamoja na mguu mzima kwa vipande vya mbao, afunikwe asipate baridi ya ziwani, na avalishwe koti la kuokolea kama wengine. Nahodha apunguze mwendo upepo ukichafuka; dakika 30 za kuchelewa hazidhuru kama mtikisiko wa mawimbi ya Tanganyika. Simu ipigwe kabla ya kung'oa nanga ili gari liwepo ufukweni.

Neno moja kuhusu waunga mifupa wa kienyeji. Wapo wenye mikono ya uzoefu, na watu wanawaamini. Lakini banzi zilizokazwa kupita kiasi hukata damu, na kiungo ambacho kingepona kwa plasta huishia kukatwa. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikigeuka rangi, kamba zilegezwe hapo hapo na mgonjwa akimbizwe hospitali, hata ikiwa ni usiku na hata ikiwa mganga amekwisha kulipwa. Jeraha la wazi lenye mfupa unaoonekana lisipelekwe kwa muunga mifupa kabisa.

FOMU YA POLISI NAMBA TATU

Fomu hii, ijulikanayo kwa watu wote kuwa ni PF3, hutolewa na polisi ili daktari aandike aina na ukubwa wa majeraha. Ni ushahidi wa mahakamani na pia ni msingi wa madai ya bima. Kutoka kwake kumezaa dhana mbaya kwamba asiye nayo hatibiwi. Serikali imekwisha kutamka mara kadhaa kwamba majeruhi aliye katika hali ya hatari atibiwe kwanza, na fomu ifuatiliwe na jamaa au na polisi wenyewe wakati matibabu yakiendelea. Kwa hivyo wagawane kazi: mmoja aende na majeruhi Maweni, mwingine aende kituoni. Kumzungusha mtu anayevuja damu hadi kituo cha polisi ili aonekane kwa macho ni jambo lisilo na sababu.

Fomu ikishajazwa, itolewe nakala mbili au tatu kabla ya kurejeshwa polisi. Vivyo hivyo stakabadhi zote za dawa, picha za mionzi, nauli ya kumpeleka mgonjwa Bugando mjini Mwanza au Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwa atapewa rufaa, na hata nauli ya anayemuuguza. Kila karatasi ina thamani yake. Bima hailipi kwa kusimuliwa.

KUMALIZANA BARABARANI

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezea haki yao, na ndipo panapostahili kuelezwa kwa urefu.

Bodaboda inamgusa mwendesha baiskeli pale Mwanga. Mwenye baiskeli anainuka, anajikung'uta, anasema hajambo. Mwenye pikipiki anaomba radhi, anatoa shilingi elfu ishirini, watu wazima waliopo wanasema yaishe, na kila mmoja anakwenda zake. Hakuna jina lililoandikwa. Jioni mwenye baiskeli anaanza kutapika, kichwa kinamuuma, usiku haamki. Au tumbo linajaa na kuwa gumu, kwani wengu umepasuka na damu inavujia ndani taratibu. Madaktari wanalijua jambo hili vyema: mtu aliyepigwa kichwa au tumbo huweza kuzungumza na kucheka kwa saa kadhaa kabla hali haijageuka. Jamaa zake wakitaka kudai, hawamjui aliyemgonga, na wale waliosema yaishe hawakumbuki hata rangi ya pikipiki.

Makubaliano baina ya watu si haramu wala si kosa kwa uharibifu mdogo wa mali. Taa iliyovunjika inaweza kulipwa na mambo yakaisha. Lakini palipo na mtu aliyegongwa mwili, hata akiwa amesimama, aende kupimwa kwanza, na ajali iandikishwe polisi. Kuandikisha si kumfunga mtu. Na ikiwa pande mbili zimekubaliana juu ya gharama za mali, iandikwe karatasi yenye majina kamili, namba za vitambulisho, namba ya chombo (za pikipiki za binafsi na za biashara huanza kwa MC), tarehe, mahali na mashahidi wawili, nayo ishuhudiwe na mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Majeruhi asitie saini wala dole gumba katika karatasi isemayo kuwa hatadai chochote tena, akiwa bado yumo kitandani na hajui kama mguu utapona. Wapo watu wanaotembelea wodi na karatasi za namna hiyo mkononi, pamoja na bahasha. Bahasha hiyo huwa nyepesi kuliko inavyoonekana.

Kwa upande wa kifo, lieleweke jambo moja. Familia ya marehemu inaweza kumsamehe dereva, na msamaha ni katika mambo yaliyosifiwa na dini. Lakini kesi ya kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari ni ya Jamhuri, si ya familia. Msamaha wa familia haumzuii mwendesha mashtaka, ingawa mahakama inaweza kuuzingatia wakati wa adhabu. Familia iliyopokea ubani wa mwenye gari, gunia la mchele na sanda, haijauza haki yake ya fidia kwa kupokea hivyo, wala mwenye gari aliyetoa ubani hajakiri kosa. Kutoa ubani ni utu, na waswahili wa Ujiji hawajaanza kuufanya leo.

BIMA NA FIDIA

Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinatakiwa kisheria kiwe na bima ya dhima dhidi ya mtu wa tatu, chini ya Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Pikipiki imo. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba aliyeumizwa au warithi wa aliyeuawa na chombo hicho wanaweza kulipwa na kampuni ya bima, hata kama mwenye chombo ni fukara. Bima hiyo ndogo haimlipi mwenye gari gharama za gari lake mwenyewe. Kwa hilo inahitajika bima kubwa. Wenye magari wengi huligundua hilo siku ya ajali.

Stika za siku hizi zimeingizwa katika mfumo wa elektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, kwa hiyo uhalali wake unaweza kuhakikiwa kwa namba ya gari. Jamaa wa majeruhi wafanye hivyo mapema, kisha waiandikie kampuni husika barua ya kuarifu ajali, na wabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kampuni itahitaji taarifa ya polisi, mchoro wa mahali pa ajali, PF3, taarifa ya daktari na stakabadhi. Ikikataa kulipa au ikikawia bila ya sababu, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka, au katika ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, bila ya kulazimika kuanzia mahakamani.

Anayechagua mahakama asichelewe. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara ya namna hii, na miaka 3 hupita upesi kwa mtu anayejifunza kutembea upya. Kesi ya jinai ya dereva ifuatiliwe pia, kwa kuwa hukumu ya kumtia hatiani huwa ushahidi wenye uzito mkubwa katika madai ya fidia. Nakala yake iombwe mahakamani. Asiye na uwezo wa wakili aulize kuhusu watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mfanyakazi wa Bara aliyeumia akiwa kazini, mathalan dereva wa kampuni au mwalimu aliyetumwa kusimamia mitihani kijijini, ana mlango mwingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, si mfanyakazi, na mwajiri anapaswa kutoa taarifa. Akinyamaza, mfanyakazi mwenyewe au jamaa zake waende.

Abiria wa basi atunze tiketi yake. Tiketi inathibitisha kwamba alikuwemo, na orodha ya abiria huweza kuwa na majina yaliyokosewa au yasiyokuwepo kabisa, hasa kwa waliopanda njiani. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, kinachosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Kwa hiyo dereva anayesema alikuwa katika kilomita 60 na ushahidi wa kifaa vinaweza kulinganishwa.

Kigoma ni mkoa wa mpakani, na malori ya Burundi na ya Kongo huonekana kila siku. Chombo cha nje kinapohusika katika ajali, iulizwe Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima inayotambulika katika nchi zilizomo kwenye mpango huo. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango wa Kadi ya Njano, na Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Namba ya kadi, jina la kampuni iliyoitoa na tarehe ya mwisho wa muda wake vinakiliwe kabla lori halijaruhusiwa kuondoka. Likishavuka Manyovu, kazi inakuwa ngumu mara kumi.

AJALI ILIYOLETA KIFO

Waislamu huharakisha maziko, na jamaa hupatwa na uchungu wanapoambiwa wangoje. Pamoja na hayo, maiti wa ajali asichukuliwe kutoka barabarani wala hospitali kabla polisi na daktari hawajamaliza uchunguzi na kutoa kibali cha kuzika. Uchunguzi huo mara nyingi ni wa kutazama mwili kwa nje na kuandika sababu ya kifo, wala hauhitaji siku nzima ikiwa jamaa mmoja mwenye utulivu atasimama kuufuatilia. Mwili uliozikwa bila ya uchunguzi unaweza kuhitaji kufukuliwa kwa amri ya mahakama, na hakuna familia inayopenda kuyaona hayo.

Kifo kilichotokea Kigoma huandikishwa huko huko, kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hata kama marehemu ni Mzanzibari na atasafirishwa kuja kuzikwa Unguja au Pemba. Jamaa wasiondoke bila ya hati ya kifo au walau tangazo la kifo lililotolewa na hospitali, kwani kurudi kilomita zaidi ya elfu moja kwa ajili ya karatasi moja ni gharama na ni uchungu upya. Kisha familia ikutane, imchague msimamizi wa mirathi, na mtu huyo athibitishwe na mahakama: kwa Bara ni Mahakama ya Mwanzo kwa mirathi ya Kiislamu na ya kimila, na kwa Zanzibar ni Mahakama ya Kadhi. Bila ya usimamizi huo, kampuni ya bima haina wa kumlipa, na ndugu huanza kugombana juu ya fedha ambazo bado hazijatoka. Fidia kwa waliomtegemea marehemu inawahusu mke au mume, watoto na wazazi. Ni vyema majina yao na umri wa watoto yaandikwe mapema, pamoja na wale wanaoishi mbali.

Wananchi waliopatwa na ajali wakiwa Bara na wanaohitaji kuthibitishiwa vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa au vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi kwa ajili ya madai yao, wanashauriwa kumtuma jamaa katika ofisi za usajili za wilaya zao akiwa na nakala ya taarifa ya polisi ya ajali na barua ya sheha wa shehia yao.